Jasho la maji moto halitoi sumu

Msafiri wa kutoka Unguja akifika kwenye chemchemi ya maji moto huambiwa: kaa sana, sumu itoke na jasho. Sivyo. Jasho ni hasa maji na chumvi. Taka huvunjwa na ini, figo zikachuja. Ukizidisha, mishipa hutanuka, presha hushuka, na ukiinuka ghafla utaona kiza. Maji ya nyuzi 38 hadi 40, dakika 10 hadi 15 zatosha. Toka polepole, keti, kunywa maji. Mjamzito na mgonjwa wa moyo waulize daktari kwanza. Pete ya fedha ivue, salfa iliyomo majini huifanya nyeusi. Na Hamamni, bafu la umma la Mji Mkongwe, Unguja, la zama za Sultani Sayyid Barghash? Haikuwa chemchemi, maji yalipashwa kwa moto.