Jiwe la tanuu, asidi, na ile namba 2

Mawe ya matumbawe yanayochomwa kwenye matanuu ya chokaa huku kwetu Unguja na Pemba, kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu. Moli moja (kipimo cha wingi wa dutu kwa idadi ya chembe zake) ya kabonati hiyo ina gramu 100, kwa hiyo kilo 100 za jiwe safi ni moli 1,000. Moto ukishakolea:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Uwiano ni 1:1. Moli 1,000 za jiwe zinatoa moli 1,000 za chokaa, na moli ya CaO ni gramu 56, basi mchomaji anabaki na kilo 56. Kilo 44 zimekwenda na moshi. (Jiwe lenye mchanga hutoa pungufu.)

Hapo wanafunzi hawapati tabu, na ndiyo maana mfano huu siupendi ukiwa peke yake: mtu huzoea kwamba moli zikivuka mshale hazibadiliki. Sasa chukua gramu 25 za jiwe lile lile uzitie kwenye asidi hidrokloriki. Linatoa mapovu, linachachatika, linalika mpaka linakwisha:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Gawa 25 kwa 100, unapata moli 0.25 za jiwe. Kila moli ya jiwe inataka moli 2 za asidi, basi ni moli 0.5. Moli ya HCl ina gramu 36.5, zinahitajika gramu 18.25, bila kuhesabu maji ambamo asidi hiyo imeyeyushwa.

Kosa ninalolikuta zaidi kwenye madaftari si kuisahau ile 2, bali kuitumia mara mbili. Mtu anapewa gramu 18.25 za HCl atafute jiwe. Anaandika kwamba moli ya asidi ina gramu 73 (36.5 mara 2), anapata moli 0.25, kisha anagawa tena kwa 2. Jiwe linatoka gramu 12.5, nusu ya linalotakiwa. Namba 2 haihusiki na uzito wa moli hata kidogo. Inaingia mara moja tu, pale unapotoka kwenye moli za asidi kwenda kwenye moli za jiwe.

Ukitaka kujihakiki, jumlisha pande zote mbili. Kushoto: 25 na 18.25, jumla gramu 43.25. Kulia, moli 0.25 za kila kimoja: kloridi ya kalsiamu 27.75, maji 4.5, gesi 11. Jumla 43.25. Yule wa 73 atapata 30.75 kushoto na 21.625 kulia.