Mtoto anachechemea, nyonga inauma: M67.3 iandikwe lini?

Kuna kitu nakutana nacho sana nikipitia mafaili ya watoto. Mtoto kaletwa anachechemea, wiki iliyopita alikuwa na mafua, leo hana homa ya maana, na kabla hata majibu ya damu hayajarudi faili lishaandikwa M67.3, ile kodi (namba ya ugonjwa kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10) ya sainovaitisi ya muda. Sibishi, mara nyingi inakuwa ndiyo yenyewe. Ila huu ugonjwa unafikiwa kwa kuondoa mingine kwanza, hakuna kipimo kimoja kitakachokuambia "ndio huu", sasa ukishaweka hiyo kodi umeshatangaza kwamba kwa kadiri ya ulichokiona hakuna usaha kwenye jointi. Kama hujafika hapo, kodi imekutangulia.

Ugonjwa wenyewe hauna makuu. Utando wa ndani ya jointi ya nyonga unavimba, maji yanaongezeka, mtoto anaumwa kwenye kinena au paja na anakataa kukanyagia ule mguu. Wengi wana kati ya miaka 3 na 10, wa kiume wanaupata kama mara mbili ya wa kike, na mara nyingi unafuata mafua au maambukizi mengine ya virusi ingawa chanzo hasa hakijathibitishwa. Apumzike, apewe ibuprofen kwa uzito wake, na ndani ya wiki moja au mbili anakimbia kama kawaida.

Halafu goti. Mtoto mwenye shida ya nyonga anaweza kukushikia goti kabisa na kukuapia ndipo panapouma, goti linapigwa eksirei, liko safi, anarudishwa nyumbani na nyonga haijaguswa na mtu. Mimi mtoto yeyote anayelalamikia goti namlaza chali, nakamata mguu ukiwa umenyooka nauviringisha taratibu ndani na nje. Mwenye sainovaitisi ya muda atakunja uso, hasa ukiuzungushia ndani, lakini bado atakuruhusu uusogeze kiasi, wakati mwenye usaha mara nyingi ameukunja na kuulaza upande wa nje na hataki hata uguse shuka.

Usaha ndio tunaoukimbia hapa, maana unaweza kuharibu gegedu la jointi ndani ya siku chache tu na damu ya kichwa cha mfupa ikakatika, hiyo ni ajali ya maisha mazima. Kwa hiyo tunaangalia vile vigezo vinne vya Kocher na wenzake wa mwaka 1999: homa zaidi ya 38.5, mtoto hawezi kukanyaga, ESR (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) zaidi ya 40, na chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000. Kwenye utafiti wao asiye na hata kimoja uwezekano wa usaha ulikuwa chini ya asilimia 0.2, kimoja asilimia 3, viwili 40, vitatu 93, vyote vinne zaidi ya 99. Hospitali nyingine zilipojaribu baadaye zilipata namba za chini kuliko hizo, kwa hiyo usizishike kama msahafu, pia siku hizi tunaongeza CRP, kipimo kingine cha damu cha uvimbe, ikipita 20 mg/L nakaa macho. Na kwa wadogo wa chini ya miaka minne kuna bakteria anaitwa Kingella kingae, huyu ni mjanja, analeta usaha huku homa ni ndogo na damu haisemi sana, ukitegemea vigezo peke yake anakupita.

Altrasaundi nzuri, ila inakuonyesha kwamba maji yapo, haikwambii ni maji gani. Ukiwa na wasiwasi wa kweli ni sindano, yavutwe, yaende maabara.

Sasa kodi. Kwenye ICD-10 ya WHO ni M67.3, lakini wanaotumia ile ya Marekani, ICD-10-CM, lazima waende mpaka mwisho: M67.351 nyonga ya kulia, M67.352 ya kushoto, na M67.359 ambayo upande haukutajwa. Hii ya mwisho inaniudhi kwelikweli, daktari kaandika "kushoto" mara tatu kwenye noti halafu kodi inasema upande haujulikani! Zikiuma zote mbili hakuna kodi ya pamoja, unaweka zote mbili. Na usiishie kwenye M65.9 kwa sababu tu umeona neno sainovaitisi, hiyo ni kapu la zisizobainishwa na hii yetu ina mahali pake.

Je kama daktari kaandika "inawezekana" au "tunahisi"? Kwa mgonjwa wa nje kanuni za ICD-10-CM hazikuruhusu kukodi ugonjwa wa kuhisi, unakodi ulichokiona, yaani maumivu ya nyonga M25.551 au M25.552, na kuchechemea R26.89. Watu wanaona kama ni kushindwa kazi, mimi naona ndiyo kodi ya haki kwa mtoto ambaye bado anasubiri majibu. Aliyelazwa ni habari nyingine, "inawezekana" ikibaki mpaka anaruhusiwa unaikodi kama vile imethibitika. Mafua nayo usiyaongeze kama yalishapona.

Akirudi baada ya wiki mbili tatu bado anachechemea, hapo M67.3 inaanza kunitia mashaka, narudia eksirei ikiwemo ile ya miguu kukunjwa kama chura, natafuta Perthes, yaani kichwa cha paja kilichokosa damu, ambayo ni M91.1, na kwa aliyeanza kubalehe hasa mwenye uzito mkubwa natafuta kichwa cha paja kilichoteleza, M93.0. Ikithibitika, kodi mpya inaingia kwenye ziara ya leo. Ile ya kwanza iacheni ilivyo kama iliendana na kilichojulikana siku ile, msirudi nyuma kuisafisha.