Ubongo wa mtoto mwenye usonji haujalala, acheni hizo

Kijana wangu ana miaka 14 na ana usonji, kwa Kiingereza autism, Zanzibar wanasema tawahudi, na miaka yote hii kila mtu ana maelezo yake kuhusu kilichomo kichwani mwake. Bodaboda ana yake, jirani ana yake, wifi yangu ndo usiseme kabisa. Leo najibu ya ubongo tu, ya majini siku nyingine.

"Ubongo wake umelala, mpe dawa ya kuuamsha." Hii ndo inayouza zile chupa za matone na vidonge vya virutubisho. Sasa sikilizeni. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watoto wachanga ambao kaka au dada zao wana usonji, waliwapiga picha ya ubongo, MRI, usiku wakiwa wamejilalia usingizi wao wa kawaida, wakiwa na miezi 6, kisha 12, kisha 24. Wale waliokuja kugundulika baadaye wana usonji, ngozi ya juu ya ubongo wao ilikuwa inatanuka haraka kuliko wenzao kati ya mwezi wa 6 na wa 12, halafu mwaka wa pili ubongo mzima ukawa unakua kwa kasi, na ni kipindi hichohicho ndo dalili zinaanza kujitokeza, mtoto umwite asigeuke, asinyooshe kidole. Huo utauita umelala?

Kutoka hapo watu wanarukia "ndo maana wana vichwa vikubwa, ni kichwa maji." Hapana jamani. Ni kweli Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika kuhusu watoto 11 mwaka 1943, aliona watano wana vichwa vikubwa kidogo. Ila wengi wana vichwa vya kawaida kabisa, vipimo vya California vilikuta ubongo mkubwa kupita uwiano wa mwili kwa kama 15% ya wavulana wenye usonji. Kichwa maji ni ugonjwa mwingine, kichwa kinaongezeka kwa kasi kwenye futi ya kliniki, utosi umevimba, mtoto anatapika, macho yanaangalia chini tu, huyo usikae naye nyumbani kusubiri.

Linalonivutia mimi zaidi ni la miunganiko. Watu wanadhani mwenye usonji kapungukiwa kitu kichwani. Kuna watafiti wa Columbia, New York, mwaka 2014 waliangalia chini ya darubini ubongo wa watoto na vijana waliofariki, wenye usonji na wasio nao, wakahesabu vile vijitawi ambavyo seli za ubongo zinapokelea habari. Mtu yeyote utotoni anakuwa navyo vingi kupita mahitaji, halafu akikua vinapunguzwa, kama ulivyopanda mahindi mbegu 3 kila shimo, yakiota unang'oa unabakiza yaliyo bora. Kwa wasio na usonji vilipungua karibu nusu kufika ujana, kwa wenye usonji vilipungua 16% tu. Yaani shamba limejaa! Waliochunguzwa ubongo wenyewe hawakufika hata watu 50 kwahiyo si neno la mwisho, na ni sehemu moja tu ya ubongo waliyoangalia, lakini nikimuona mwanangu kaziba masikio blenda ikiwashwa kwa jirani nyumba ya tatu huko, huwa nakumbuka hayo mahindi.

"Piga picha ya kichwa ujue tatizo liko wapi." Hapa nina kinyongo. Akiwa na miaka 3 hospitali moja, siitaji, ilituambia hivyohivyo, tukatoa hela ya kodi ya miezi mitatu, mtoto akachomwa sindano ya usingizi, majibu yakaja: kawaida. Baba yake akashangilia akajua basi hana kitu. Hizo tofauti zote nilizosema zinaonekana ukilinganisha kundi na kundi, ukichukua picha ya mtoto mmoja daktari hawezi kukuonyesha usonji uko hapa. Usonji unagunduliwa kwa kukaa na mtoto chini, kumwangalia anavyocheza, na kumuuliza mama maswali mengi mpaka achoke. Picha ina kazi yake mtoto akiwa na degedege au upande mmoja umelegea.

Ya kwamba chanjo ndo inaleta usonji nayamaliza haraka. Lile andiko la 1998 la Wakefield, daktari wa Uingereza aliyeanzisha hayo maneno, lilikuwa na watoto 12, jarida lililifuta 2010 na yeye akafutwa udaktari. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019, hamna uhusiano. Huku kwetu surua-rubella ya pili ni miezi 18, umri uleule mama anaanza kuona mtoto haongei, ndo zinaunganishwa. Lakini nimeshasema, ubongo ulianza kubadilika kabla hata ya mwaka mmoja.

"Hajaongea mpaka miaka 4, ndo basi tena." Sio basi. Utafiti mmoja wa 2013 uliangalia watoto 535 wenye usonji waliochelewa sana kuongea, 70% walikuja kuunganisha maneno kufikia miaka 8. Na wanaosema "akibalehe itaisha" nao wanajidanganya, usonji hauishi, ila ubongo unaendelea kujijenga mpaka miaka ya ishirini na kitu, mambo mapya yanaingia na mengine yanaibuka. Kifafa kwa mfano kinaweza kuanza ujanani, kwahiyo kijana akianza kuganda macho ghafla usikimbilie kwa mganga.

Wangu mwaka huu kaanza kupanda daladala, mie nakaa siti ya nyuma najifanya simjui. Ruti zote za Mbagala anazo kichwani na vituo vyake kwa mpangilio. Juzi konda akatangaza gari linakatisha ruti, watu wote wakashuka wanalalamika, yeye akabaki kakaa anamsomea konda maandishi ya ubavuni mwa gari, mwanzo wa safari na mwisho wa safari, mara tatu. Konda akarudisha nauli.