Nyumba za Matmata si mapango ya asili

Wengi huamini kwamba watu wa Matmata, kusini mwa Tunisia, waliingia mapangoni kwa kutojua kujenga. Lakini nyumba zile zilichimbwa kwa mikono na Waamazigh (Waberberi), wenyeji wa Afrika Kaskazini. Kwanza shimo la duara, lenye kina cha mita kadhaa, ndilo ua. Kisha vyumba vikachimbwa ubavuni mwake, na njia ya chini kwa chini ikatokeza nje. Huo ni ujenzi, tena wa ustadi mkubwa! Udongo mnene huzuia joto la mchana na baridi ya usiku.

Tazama picha za setilaiti: utaziona nyua hizo. Ukifika, linganisha kipimajoto chumbani na juani saa nane mchana. Wenyeji wengi sasa wanaishi nyumba za kawaida.