Dome ni nini?

Kaka alipopanda Mbeya kutoka Tanga alitoa mfukoni kitu cheupe, bapa, chepesi, kirefu kuliko kiganja. Watoto wakadhani ni lile jiwe la vitundu la Rungwe tunalosugulia visigino. Wakakitia kwenye beseni la maji, kikaelea, kama jiwe lile linavyoelea.

"Mfupa wa dome huo," akasema kaka.

Dome ndiye nani? Sisi tuliokuzwa kwa usipa na mbasa wa Kyela tuna udhuru. Dome na jamaa zake, ngisi na pweza, hawaishi maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo Ziwa Nyasa lote halina hata mmoja. Wala si samaki. Ukoo wake ni wa konokono. Ana mikono 8 kuzunguka mdomo na minyiri 2 mirefu anayoikunja mpaka windo likaribie, ndipo aifyatue. Mioyo anayo 3, na damu yake ni ya buluu.

Wengi humwita ngisi tu, na kwenye sufuria haidhuru. Tofauti iko ndani: ngisi ana kijiti laini kinachopindika kama plastiki, dome ana huo mfupa wa chokaa, uliojaa vyumba vyembamba vilivyopangana. Jiwe la Rungwe huelea kwa sababu hewa ilinaswa humo volkano ilipopoa, basi. Dome huongeza au kupunguza maji ndani ya vyumba vyake, akaning'inia katikati ya bahari bila kupiga mbizi wala kuibuka.

Wapo wakubwa na wapo wadogo. Mmoja wa wadogo ni Sepia bandensis, aliyepewa jina hilo mwaka 1939 kwa ajili ya visiwa vya Banda, Indonesia. Kiwiliwili chake ni sentimita 7 hivi, anaenea kwenye kikombe cha chai. Hukaa maji mafupi ya Indonesia na Ufilipino, kwenye matumbawe na mchanga, na mara nyingi hutembea sakafuni kwa mikono kuliko kuogelea.

Huyu ndiye anayemwaibisha kinyonga. Kinyonga wa kwenye ua wetu hubadilika taratibu. Dome hubadilika chini ya sekunde moja, kwa kuwa vifuko vya rangi vya ngozi yake huvutwa na misuli inayoamriwa na ubongo moja kwa moja. Cha ajabu, mwenyewe haoni rangi: jicho lake lina aina moja tu ya kipokea mwanga. Ndiyo maana wanasayansi wa ubongo humfuga maabara, maana alichokiona hujichora mgongoni.

Mfupa wa kaka, kwa ukubwa ule, ni wa dome wa jamii nyingine. Mama ameshauponda akawamwagia kuku, wapate chokaa ya maganda.