Mara ya kwanza nayo mimba hutunga

Kuanzia mwalo wa Kibirizi hadi Ujiji, mkoani Kigoma, wasichana bado huambizana kwamba ukijamiiana mara ya kwanza mimba haishiki. Si kweli, na imewaponza wengi. Mbegu za kiume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Yai likipevuka ndani ya siku hizo, mimba yaweza kutunga. Hata ambaye hajavunja ungo hayuko salama, maana yai la kwanza laweza kupevuka kabla hajaiona hedhi yake ya kwanza. Kurukaruka au kunywa soda baada ya tendo hakuzuii chochote. Aliyeteleza, au aliyelazimishwa, awahi kituo cha afya: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120.