Boliti ya siti iliyoganda haihitaji bomba refu

Gari la zamani likiletwa na boliti ya siti iliyokatikia kwenye sakafu, maelezo ni yale yale: "Iligoma, nikaongeza bomba kwenye spana." Nimechoka kuyasikia, kwa sababu kazi ya nusu saa huwa imeshageuka kazi ya kuchomelea.

Piga hesabu. Boliti ya milimita 8 ya daraja la nguvu 8.8 hufungwa kwa takriban Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukiegemea ncha ya bomba la mita 1 kwa uzito wa kilo 30, unaizungusha kwa karibu Nm 300. Hakuna boliti ya ukubwa huo inayostahimili hivyo. Kama haikukatika, basi ile nati iliyochomelewa chini ya bati imeng'oka, na sasa inazunguka pamoja na boliti bila kufunguka.

Kinachoishikilia boliti ni kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hujibana katikati ya meno. Mara nyingi ncha ya boliti hutokeza chini ya gari, ambako imepigwa na maji na matope miaka yote. Ukifungua kutoka juu, ncha hiyo chafu inaburutwa kupita ndani ya nati. Ndiyo maana boliti hulegea mizunguko miwili, kisha inakaza ghafla na kukatika.

Kwa hiyo anza chini. Inua gari, liweke juu ya stendi imara, sugua ncha kwa brashi ya waya hadi meno yaonekane, paka mafuta ya kulegeza kutu, uache hadi kesho yake. Kisha shika kichwa kwa soketi ya pembe 6. Ile ya pembe 12 hukwangua kona za kichwa kilicholika. Kaza kidogo kwanza ili kuvunja kutu, ndipo ulegeze. Ikianza kuwa nzito, irudishe ndani, ongeza mafuta, endelea. Nusu mzunguko nje, robo ndani. Inachosha, lakini boliti inatoka nzima.

Wapo wanaonibishia: "Nilipuliza WD-40, haikusaidia." Ulisubiri muda gani? Dawa hiyo ilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Inasaidia, ila mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii hupenya vizuri zaidi, nayo pia yanataka saa kadhaa, si dakika mbili.

"Moto unamaliza kila kitu." Kwenye fremu tupu, sawa, na hapo inayopashwa moto ni nati ili itanuke, si boliti. Kwenye siti yenye sponji, kamwe! Sponji ya poliyurethani ikiungua hutoa monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni. Vua kitambaa na sponji kwanza. Wala usipashe moto chuma kilichosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini, maana joto huweza kuigeuza kuwa fosjini, gesi ya sumu kali.

"Bisibisi ya nyota ni moja tu." Skrubu za magari ya zamani ya Japani zina nyota ya umbo lake, JIS (kiwango cha viwanda cha Japani), na bisibisi ya Phillips, ile nyota ya kawaida, huruka na kuila. Tumia ya JIS, na ikigoma chukua bisibisi ya kugonga kwa nyundo.

"Boliti ikitoka nzima, irudishe." Ya siti au ya mkanda ikiwa imeliwa na kutu, itupe. Weka mpya ya daraja lisilopungua la awali na yenye meno yale yale. Magari mengi ya zamani ya Uingereza na Marekani yana boliti za inchi. Ya milimita iliyokaribiana nayo itaingia mizunguko michache kisha itakwama, na ukiilazimisha utaharibu nati uliyotoka kuiokoa.